Ripoti Yangu Juu ya Nyumba Kumi za Kabasa

Bunda, Jumatatu 10 Juni 1974

Daftari la ofisini ni la serikali na hasira zangu hazina pa kukaa humo. Nimejinunulia hili.

Asubuhi Bwana Stanislausi, mkuu wa ofisi yetu ya maendeleo, aliniita akanipa fomu ya kurasa nne. Wakubwa wanataka kujua kama vile vikundi vidogo vya majirani tulivyokuwa tukivihimiza vimeleta faida yoyote, au vimeleta ngoma na pombe tu. Mimi nimepewa shina moja la nyumba kumi, kule Kabasa. Nilipime, niandike, nirudishe kabla mwezi haujaisha.

"Ndugu Ursula," akasema, "nataka vipimo. Sitaki hadithi za akina mama."

Nikasema ndiyo. Nina miaka minne ya kuwa Bibi Maendeleo na bado nasema ndiyo kabla sijaelewa swali. Lakini nisijidanganye, nimefurahi. Kati ya watu wote wa ofisini amenichagua mimi, na mwandiko wangu ni mzuri kweli.

Alhamisi 13 Juni

Kabasa. Pamba imepasuka yote kwa mpigo na hakuna mwenye nafasi ya kuzungumza na mgeni. Wanachuma kwa zamu: leo wote kwa fulani, kesho wote kwa fulani. Nimewakuta kwenye shamba la bwana mmoja aitwaye Kwangu. Mkewe, Justina, ndiye anayepanga zamu. Ni mwanamke mrefu, hacheki ovyo, na anachuma kwa mikono miwili huku akikujibu bila kukutazama.

Nikamuuliza mwenyekiti wa kikundi ni nani.

"Mwenyekiti wa nini? Sisi tunachumaga tu."

Balozi wao wa nyumba kumi, Mzee Machage, alikuja mbio amevaa kofia yake ya mikutano, akaanza kunieleza habari za chama na umoja. Wanawake waliendelea kuchuma. Naye baada ya muda alivua kofia akachuma.

Aliyenishangaza ni Bibi Nyangi. Ni mjane, mzee sana, na kibanda chake ndicho cha mwisho kwenye zile nyumba. Macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi na siku hizi anaona vivuli tu. Alikuwa ameketi juu ya mkeka ubavuni mwa ghala, na watoto wachanga saba wamemzunguka. Mama zao wakiwa shambani, yeye ndiye anayewashika. Kila mmoja anamjua kwa uzito wake na kwa harufu ya utosi wake. Aliniwekea mmoja mapajani kabla sijaomba.

"Shika huyu. Ni wa Justina. Kichwa kizito kama babaye."

Nikamuuliza, kwa sababu fomu inauliza, chakula anapata wapi.

"Leo ni siku gani?" akasema, akahesabu vidole. "Basi leo ni kwa Machage." Kila siku ina nyumba yake. Nikamuuliza nani alipanga hivyo, akacheka mpaka mtoto mmoja akaamka. "Mwanangu, nikimshikia mtu mtoto wake tangu asubuhi, jioni atakulaje mimi niko hapa namsikia?"

Ijumaa 14 Juni

Vumbi. Nimefua blauzi moja mara mbili.

Jumanne 18 Juni

Swali la tatu la fomu: Kiwango cha ushirikiano, kwa asilimia. Nimekaa siku nne nalitazama swali hilo nalo linanitazama.

Leo nimefika Kabasa jua linachomoza na jibu nimelikuta njiani. Binti wa Justina alikuwa amebeba makaa juu ya kigae, anapeleka nyumba ya pili. Nikapita mlango kwa mlango nikiuliza kitu kimoja tu: moto wa leo umetoka wapi? Nyumba zote, bila kukosa hata moja, moto umetoka kwa jirani au umekwenda kwa jirani. Anayeamka wa kwanza ndiye anayechochea, wengine wanachukua kwake. Kwa Bibi Nyangi unapelekwa, unawashwa, na maji yanabandikwa juu yake kabisa. Hakuna aliyenunua kiberiti tangu Pasaka.

Nikachora nyumba kumi kwenye karatasi na mishale kutoka nyumba hadi nyumba. Asilimia mia moja! Nilijiona mtu wa maana sana. Nikamwonyesha Justina.

"Na hii mishale ya nini?"

"Inaonyesha mnavyosaidiana."

Akanirudishia karatasi. "Sisi hatujuagi kama tunasaidiana. Tunaombanaga moto tu."

Mgumu wa kuelewa, yule mama. Ningekuwa na nafasi ningemwandikisha kwenye kisomo cha watu wazima.

Jumapili 23 Juni

Mama amenitumia furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka nyumbani, kwa basi. Nimewala peke yangu mlango umefungwa, mimi mpima ushirikiano.

Jumatano 26 Juni

Nimemaliza. Mkono unauma lakini kazi inapendeza.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Fomu inataka shina kamili, kaya kumi zinazojitegemea, na kwa haki kaya za kweli ni tisa. Bibi Nyangi hana shamba wala mtu. Lakini shina la kaya tisa lingerudishwa, na Bwana Stanislausi angesema sikufanya kazi. Nikaandika: Kaya ya kumi, Bibi Nyangi, ujuzi: mlezi wa watoto. Kuna nafasi ya kuandika ulemavu. Niliiacha wazi. Ukurasa mzima ulikuwa safi na nikaona nitauharibu.

Mwisho kuna Mapendekezo. Nimeandika hivi: "Kila nyumba katika hizi kumi ina uwezo wa kuwa chachu ya ushirikiano popote itakapokuwa." Nimeisoma mara tatu kwa sauti. Sijui niliitoa wapi sentensi hii, ila ni nzuri.

Jumatatu 1 Julai

Bwana Stanislausi amesoma ripoti amesimama. Hajawahi kusoma kitu changu amesimama. Alipofika kwenye ile sentensi akamwita Alfonce, mpiga chapa, akamsomea naye asikie. "Hii ndiyo kazi," akasema. Itapelekwa Musoma kwa wakubwa wa mkoa.

Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara, mpaka lori la pamba likanipigia honi.

Ijumaa 12 Julai

Pamba ya Kabasa yote iko ghalani. Wamemaliza wiki mbili kabla ya majirani zao.

Jumamosi 20 Julai

Sasa ni rasmi. Operesheni imefika mkoani kwetu. Watu wote wahamie vijijini kabla ya mvua, wapangwe kwenye mistari, karibu na shule na zahanati na maji. Mimi naiamini kazi hii. Nimeona wanawake wakijifungulia njiani kwa sababu ya umbali. Naandika hapa kwamba naiamini, ili baadaye nisijisingizie.

Alhamisi 25 Julai

Nimekwenda Kabasa kuwatuliza. Wengine walikuwa wanalia kwa sababu ya makaburi, wengine kwa sababu ya ng'ombe. Justina aliuliza swali moja: "Tutakaa pamoja?"

Nikamwambia shina lote litahamishwa kwa pamoja, ripoti yangu ndiyo kinga yao, Musoma wanawajua. Nikaahidi mbele ya watu. Bibi Nyangi akasema, "Mradi watoto wapo, mimi hata nikilala juu ya mti." Wakacheka, na mimi nikacheka.

Jumatatu 5 Agosti

Orodha imerudi kutoka Musoma. Nyumba kumi, vijiji kumi.

Nilidhani Alfonce amekosea kupiga chapa. Nikaenda nayo kwa Bwana Stanislausi, yeye akaniangalia kwa furaha, alidhani nimekuja kushukuru. Kila kijiji kipya kitapata nyumba moja ya mfano kutoka Kabasa, ifundishe wengine kuishi kijamaa.

"Bwana mkubwa, hawa watu wakitenganishwa hawana kitu cha kufundisha."

"Ndugu Ursula, hamira huwezi kuitia yote kwenye bakuli moja na kuacha unga mwingine mkavu. Maneno ni yako." Akafungua ripoti akaniwekea kidole kwenye sentensi. Popote itakapokuwa.

Nikamwambia basi angalau amwondoe Bibi Nyangi kwenye orodha. Amepangiwa kijiji cha kumi, kule chini upande wa ziwa, maili kumi na moja. Nikasema haoni, hana mtu, anaishi kwa mikono ya wenzake. Akageuza kurasa polepole hadi kwenye jina lake.

"Hapa pa ulemavu hukuandika kitu."

"Niliacha wazi."

"Na umeandika kaya inayojitegemea."

Akavua miwani. Si mtu mbaya, hili ndilo linaloniuma; ningependa awe mbaya. Alisema orodha ina saini za mkoa, yeye hana mamlaka ya kufuta hata nukta. "Ungeniambia mwezi wa sita," akasema, na sauti ilikuwa ya upole.

Alhamisi 8 Agosti, Musoma

Nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mkubwa yuko kwenye Operesheni. Karani anasema labda kesho.

Ijumaa 9 Agosti, Musoma

Yuko kwenye Operesheni. Nimeacha barua. Nimeshuka ziwani kungoja basi. Wavuvi wa kisiwa cha Rukuba walikuwa wanagombana na wachuuzi juu ya samaki, wanatukanana, wanacheka, wanapimiana. Nimewaonea wivu.

Jumatano 14 Agosti

Nitaandika yote hata kama mkono unakataa.

Malori yalifika Kabasa saa mbili. Mzee Machage alipewa orodha asome majina kwa sababu yeye ni balozi. Alisimama na kofia yake, akaita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila jina akalitaja na kijiji chake. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe akashusha karatasi. Kisha akaniuliza mimi, mbele ya dereva na askari mgambo, "Sasa Bibi Maendeleo, mimi nitakuwa balozi wa nani?" Akaendelea kusoma.

Asubuhi ile Justina alikuwa ameamka wa kwanza akachochea moto mkubwa. Kila nyumba ilikuja na chungu, ikachukua makaa, ikafunika kwa majivu, waende nayo huko wanakokwenda. Hawakuambizana. Kila mtu alikuja tu na chungu chake, nami nilisimama pale nikiwaangalia. Lakini kwenye malori kulikuwa na majani ya paa, makavu, na madereva wakakataa moto. Walikuwa na haki. Ikabidi wamwage. Walimwaga uani kwa Justina, chungu baada ya chungu, na mumewe Kwangu akafukia kwa jembe.

Hapo ndipo wanawake walipoanza kulia. Kwa paa kuezuliwa hawakulia, wala kwa mlango kung'olewa.

Justina hakulia. Alipanda lori na mtoto mgongoni, akakaa juu ya magunia, uso kauelekeza mbele. Nilimwita. Hakugeuka. Nilikuwa nimemwahidi yeye kuliko wote.

Bibi Nyangi alikuwa wa mwisho. Mkeka wake, chungu, sufuria, basi. Mgambo mmoja alimbeba akamkalisha vizuri karibu na dereva. Alikuwa mtulivu kabisa, amevaa kitenge chake cha kanisani. Akapapasa mpaka akaushika mkono wangu.

"Watoto wako gari gani?"

Malori mengine yalikuwa yameshaondoka, kila moja njia yake. Nikamwambia, "Wanakuja nyuma, bibi."

"Haya," akasema. "Waambie wale wanaoendesha wasikimbize."

Alhamisi 15 Agosti

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa, na ni kweli.

Jumamosi 7 Septemba

Nimeazima baiskeli ya Bwana Shamba nikaenda kijiji cha kumi.

Mistari imenyooka, hilo lazima niseme. Vigingi vimepigwa kwa kamba. Nyumba nyingi zina nguzo bila kuta, au kuta bila paa. Nyumba ya Bibi Nyangi iko mwisho kabisa wa mstari wa mwisho. Mgambo walimsimamishia nguzo, wakaezeka upande mmoja, wakaitwa kwingine.

Kabla sijafika kwake nilisimama nyumba ya jirani kuuliza. Mama mmoja kijana, mke wa Ryoba, alikuwa anapepeta na mtoto mgongoni.

"Yule bibi? Hee, dada, wewe ni ndugu yake?"

Nikasema namfahamu tu. Akashusha sauti.

"Huyo kila asubuhi anapitaga nyumba kwa nyumba, anapapasa na fimbo, anaomba watoto."

"Anaomba nini?"

"Watoto! 'Nipeni mtoto nimshike, nendeni shambani.' Bibi hatumjui katoka wapi, hana mume, hana mtu, na macho mekundu vile. Wewe ungempa?"

Nilimweleza. Nilimweleza yote, mkeka, ghala, watoto saba, zamu za chakula. Nilieleza vizuri kwa sababu kueleza ndiyo kazi yangu. Alinisikiliza kwa adabu, na huku akinisikiliza alimvuta mtoto kutoka mgongoni, akamhamishia kifuani, upande wa mbali na mimi.

"Na moto?" nikauliza. "Mnampaga moto?"

"Moto wa nyumba yangu umpe mtu kama yule?" Alishangaa kweli. "Dada, wewe umesoma, hayo huyajui."

Bibi Nyangi nilimkuta amekaa mlangoni. Amekonda. Aliitambua sauti yangu akafurahi mpaka nikatamani kukimbia. Alinifariji mimi!

"Watu wa huku wana aibu sana, mwanangu. Hawataki kunisumbua na watoto wao. Nimewaambia sina kazi, hawasikii. Labda wakinizoea."

Hakuuliza tena lori la watoto liko wapi. Nadhani anajua, na nadhani ameninyamazia kwa heshima. Nilimwachia unga na boksi la viberiti. Aliligeuza mkononi, akatoa njiti, akaipapasa akitafuta upande wa kuwashia, akakosea mara tatu, akacheka. "Hiki kitu chenu kinataka macho." Nilimwonyesha kwa vidole mpaka akaweza. Nikapita kwa mwenyekiti wa kijiji, akasema ataangalia.

Jumatatu 9 Septemba

Nimemwambia Bwana Stanislausi kila kitu, pamoja na neno ambalo mke wa Ryoba hakulitaja lakini alilimaanisha. Ameandika barua yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kuomba Bibi Nyangi ahamishiwe kijiji cha Justina. Barua imekwenda Musoma kwa basi la mchana.

Jumatatu 16 Septemba

Barua haijajibiwa.

Jumamosi 21 Septemba

Nimekwenda tena na unga. Boksi la viberiti limebaki njiti sita. Paa liko vilevile. Nilimwomba Ryoba amalizie kuezeka, akasema ndiyo, kwa sauti ninayoitambua kwa sababu hata mimi huwa naitumia.

Jumatatu 23 Septemba

Barua haijajibiwa.

Jumatatu 30 Septemba

Barua haijajibiwa. Mawingu upande wa ziwa.

Ijumaa 4 Oktoba

Nilitaka kwenda kesho. Nimepangiwa semina ya siku nne, mada: Mafanikio ya Vijiji Vipya. Nimesema ndiyo.

Jumanne 8 Oktoba

Mvua. Imenyesha tangu jana bila kupumua. Kwenye semina watu walipiga makofi ilipoanza.

Alhamisi 10 Oktoba

Bibi Nyangi amekufa.

Ryoba ndiye aliyeleta habari ofisini, amelowa, akasema "yule bibi wenu". Aliona siku mbili mlango hautikisiki. Ile sehemu ndogo yenye paa ilikuwa imevuja yote. Alikuwa amejikunja kwenye kona, kitenge cha kanisani juu yake. Moto hapakuwa. Boksi lilikuwa limeloa, na chini palikuwa na njiti mbili zilizovunjika.

Hakuna aliyemgusa mpaka tulipofika. Walisimama mbali, kila mtu mlangoni kwake. Nilituma watu waende kwenye vijiji vile vingine, lakini kutoka kijijini siku hizi ni kwa ruhusa, na waliokuja ni wawili tu. Mzee Machage alikuja kichwa wazi, bila kofia. Justina alikuja kwa miguu, maili kumi na nne kwenye tope, na mtoto mgongoni.

Justina alimwosha. Hakutaka mtu wa kijiji kile amsaidie, aliniita mimi. Nilikuwa sijawahi kumwosha maiti. Alikuwa mwepesi sana. Justina alifanya kazi polepole, akampaka mafuta mikononi, kidole kwa kidole, mpaka akamaliza. Kisha akatoka nje kwenye mvua, akasimama mbele ya mstari ule ulionyooka.

"Nani alimpelekea moto?"

Hakupiga kelele. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu. Akauliza tena. Mke wa Ryoba akaanza kulia, mtoto wake kamkumbatia kwa nguvu, akasema, "Hatukumjua, mama. Hakuna aliyetuambia." Wakalia na wengine. Sikuwachukia. Walikuwa wameletwa pale kama yeye, kila nyumba kutoka kwake, wanaogopana.

Tulimzika mvua ikipungua. Ryoba na wenzake walichimba, hilo walifanya.

Baadaye nilimwambia Justina. Sikuweza kumwacha aondoke bila kujua. Nikasema mimi ndiye niliyewaandika vizuri, mimi ndiye niliyemhesabu Bibi Nyangi kuwa nyumba ili zitimie kumi, mimi ndiye niliyeacha wazi nafasi ya macho yake.

"Uliandika maneno gani?"

Nikamtamkia ile sentensi. Naijua kwa moyo. Alisikiliza kichwa kimeinama.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Wewe uliona ni kweli?"

"Nilidhani ni kweli."

"Mimi huko nilikopelekwa naamka wa kwanza kila siku. Nachochea. Hakuna anayekuja. Naupelekaga moto mwenyewe mlango kwa mlango, wanasema ahsante, wanao kiberiti." Akamfunga mtoto vizuri mgongoni. "Ungetuacha tu bila kutuandika, Ursula."

Hajawahi kuniita kwa jina langu. Mimi kwake nilikuwa Bibi Maendeleo siku zote.

Ijumaa 18 Oktoba

Jibu limetoka Musoma. Ombi limekubaliwa.

Jumatatu 28 Oktoba

Bwana Stanislausi amenipa fomu nyingine. Kuna akina mama njia ya Butiama ambao wanasifiwa sana, nikawapime. Wakionekana wazuri watapata pampu ya mkono kwenye kisima chao, na baada ya hapo, msimu ujao, watasambazwa.

Nikamuuliza kama kuna mtu amepima kilichotokea kwa nyumba kumi za Kabasa.

"Vijiji tisa havijaleta malalamiko," akasema. "Ni asilimia tisini." Alisema akitazama dirishani. Amezeeka mwaka huu. Sijui kama analala.

Nikasema ndiyo.

Alhamisi 7 Novemba

Nimerudi sasa hivi kutoka njia ya Butiama. Naandika na viatu miguuni.

Wako wanawake sita. Kisima chao wanakisafisha kwa zamu, na mmoja akijifungua wengine wanamtekea maji siku arobaini bila kukosa. Mmoja anaugua miguu. Wamemjengea kiti cha udongo karibu na kisima ili akae nao wakiwa wanateka. Kiongozi wao anaitwa Boke, mcheshi, anaongea haraka haraka, anakupiga bega akikucheka. Walinichinjia kuku. Nilijaribu kukataa, Boke akasema nikikataa watadhani wameniudhi, nikala.

Sikuuliza moto wao unatoka wapi. Niliona lakini. Sikuweza kutoona.

Niliketi kwenye kile kiti cha udongo na kujaza fomu mbele yao, kwa sababu walitaka kuona. Hakuna kati yao anayejua kusoma, kwa hiyo walitazama mkono wangu tu, wakasifu mwandiko. Kiwango cha ushirikiano: Hakuna. Faida iliyopatikana: Hakuna. Mfano kwa wengine: Hakuna. Mapendekezo: Hakuna. Niliandika kwa herufi nzuri kuliko nilizowahi kuandika, na kila nilipomaliza mstari wao walinisogelea zaidi.

Boke alinisindikiza mpaka barabarani. Kisima kile kirefu kinawaumiza migongo, alisema, na huyu wa sasa mwenye mimba hapaswi kuvuta kamba, lakini wamemwambia avumilie, pampu inakuja. Akaniuliza kama nimewaandika vizuri.

Nikamwambia nimewaandika vizuri kuliko nilivyowahi kumwandika mtu yeyote.

Akapiga kigelegele palepale, na wale watano waliobaki kisimani wakamwitikia.